Chumba cha Baridi cha Mama Maua

Siku krimu ilipomyeyukia Mama Maua mkononi, mteja alikuwa amesimama pale pale akitazama. Hilo ndilo lililoharibu mambo. Angekuwa peke yake angefuta meza, akanawa, akaanza upya, na hakuna ambaye angejua. Lakini mteja, bibi mmoja aliyekuja kuchukua keki ya mjukuu wake, aliliona waridi la kwanza likitoka kwenye ncha ya bati ya mfuko wa krimu, likasimama vizuri, likainamisha kichwa na kulala chali. La pili likamfuata mwenzake. Bibi yule akauliza kwa upole kabisa kama hayo ni maua au ni uji.

Mama Maua hakuwa mtu wa kuulizwa hivyo. Mkono wake ulitoa maua ya krimu tangu yeye ni msichana, na watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuyanusa, ingawa hayana harufu. Sasa umri ulikuwa umefika, hedhi imeaga, na joto lilikuwa limeanza kumpanda bila hodi. Linaanzia kifuani, linapita shingoni, linashuka mikononi hadi kwenye ncha za vidole, na krimu ya siagi haina uvumilivu hata kidogo. Nguo zilimlowa, usingizi ulimkimbia, na hasira, ambayo hata zamani haikuwa haba, ikapata nafasi ya kutembea nyumba nzima.

Nyumbani walilizungumzia jambo hilo mezani kana kwamba mwenyewe hayupo. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alisema damu imepanda kichwani. Wifi yake, aliyekaa chumba cha uani na kuwa na maoni juu ya kila kitu, alisema hata yeye ana joto kama hilo, tena lake kali zaidi. Mumewe, fundi wa kushona makochi, mtu wa maneno ya kuhesabika, alisema labda apunguze pilipili. Mama Maua akagonga meza kwa upawa.

"Kuanzia leo asiniambie mtu neno juu ya mwili wangu," alisema. "Ushauri sitaki, pole sitaki. Atakayefungua mdomo, keki yangu hataionja tena."

Ilikuwa adhabu nzito, kwa sababu kila Jumamosi alirudi nyumbani na kingo za keki zilizokatwa dukani, na nyumba ile iliishi kwa ajili ya Jumamosi. Wote watatu walimwogopa, na wote watatu walimpenda, hilo tusiwanyime. Basi wakatii amri kama ilivyotamkwa. Hakuna aliyemwambia neno. Vitendo hakuwa amevikataza.

Kwa daktari alikwenda na wifi yake wa kumsindikiza. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliuliza maswali mpaka mgonjwa akachoka kujibu. Je, anavuta sigara? Damu imewahi kumganda mguuni au kifuani? Ana kipandauso? Ini limewahi kumsumbua? Kuna saratani ya titi kwake au katika ukoo? Damu inamtoka bila mpangilio? Yote yalikuwa hapana. Wifi alisikiliza kila swali akiwa amebana midomo, maana kwake mawili ya kwanza yalikuwa ndiyo.

"Dawa nyingine unazotumia? Mitishamba? Balungi?"

"Balungi chungu, silipendi. Mitishamba hata rangi yake siijui."

"Vizuri. Hii nitakayokupa ni estrojeni, homoni ile ile ambayo mwili wako umepunguza kuitengeneza, na hii ya pili ni ya kulinda kizazi. Sasa nisikilize. Ini ndilo linaloondoa dawa mwilini. Ukila kitu cha kulihimiza, dawa inaisha kabla haijakusaidia. Ukila kitu cha kuzuia kazi hiyo, dawa inajaa. Kwa hiyo usianze kitu chochote, hata cha dukani, kabla hujaniambia."

Mama Maua aliahidi, na ahadi yake aliitimiza barabara. Ni wengine nyumbani ambao hawakuombwa ahadi hiyo.

Kwa muda mfupi dawa ilimkubali sana. Joto likashuka, akalala usiku kucha, na maua yakasimama kama yameitwa majina. Laiti nyumba nzima ingekaa ikitazama tu, hadithi hii ingekuwa imeisha. Lakini wapendwa wale hawakujua kukaa. Mama mkwe alinunua kwa muuza mitishamba mfuko wa maua makavu ya manjano, ya kutuliza moyo, akawa anayachemsha na kuyachanganya kwenye chupa ya chai ambayo mkwewe huenda nayo kazini, kisha anazidisha sukari ili uchungu usisikike. Mume naye aliambiwa na mteja mmoja, aliyekuja kungojea kochi lake, kwamba balungi huvuta joto kutoka mwilini. Kila asubuhi akawa anakamua machungwa, na katikati ya machungwa analificha balungi moja zima.

Wifi hakuongeza kitu. Yeye alipunguza. Alimwona wifi yake amenawiri, analala, anaimba bafuni, akasema hata mimi ni mwanamke. Vidonge vya estrojeni vilikaa kwenye kichupa cha kahawia kabatini. Akawa anajichukulia kimoja leo na kingine keshokutwa, na ili kichupa kisipungue akatia vipipi vyeupe vya mnanaa, ambavyo alikuwa amevilinganisha na vidonge dirishani kwenye mwanga wa kutosha.

Basi mwili wa Mama Maua ukaanza vituko. Joto lilirudi, likaja na wenzake. Akaenda kwa daktari, daktari akaongeza dozi. Muda si muda mama mkwe akasafiri kwenda kumsalimia mwanawe mwingine, akaondoka na mfuko wake wa maua, na balungi likabaki peke yake nyumbani na dozi kubwa. Matiti yakamuuma, miguu ikavimba, kichwa kikamgonga, na harufu ya vanila, ambayo ndiyo mkate wake, ikamtia kichefuchefu. Daktari akapunguza dozi. Mama mkwe akarudi na mfuko mpya, uliojaa kuliko wa kwanza, na baada ya muda Mama Maua akawaka upya.

Hapo ndipo Bosi alipomwita. Bosi alikuwa mwenye duka la keki, mtu mpole kwa sauti na mkatili kwa mipango. Juu ya meza yake kulikuwa na boksi la maua ya plastiki.

"Haya hayayeyuki," alisema. "Hayaumwi. Ukiyaosha unayatumia tena."

"Na mteja akiyala?"

"Ataambiwa asiyale." Bosi akafunga boksi taratibu. "Mkuu wa zimamoto anastaafu mwisho wa mwezi. Mkewe anataka keki ya umbo la gari la zimamoto, na kulizunguka anataka bustani nzima ya mawaridi. Anasema mumewe amekanyaga bustani za watu maisha yake yote akikimbilia moto. Asubuhi ya siku hiyo nataka kuona waridi likitoka mkononi mwako, mezani, mbele yangu. Likisimama, meza ni yako. Likilala, meza inachukuliwa na plastiki, wewe unahamia kwenye tanuri."

"Kwenye tanuri, Bosi? Na joto hili?"

"Si tayari unalo? Kule hutaona tofauti."

Mama Maua alitoka pale, akaenda kusimama mezani pake. Ile meza ya marumaru ndiyo ilikuwa maisha yake. Watoto wake walikuwa wamekua na kuhama, mumewe alikuwa anaongea zaidi na makochi kuliko na yeye, lakini mbele ya meza ile alikuwa mtu. Kwenye tanuri angekuwa mtu wa kuingiza na kutoa. Akatazama huku na huku, akaona mlango wa chuma wa chumba cha baridi, panapohifadhiwa siagi na maziwa. Akaufungua, akaingia na kiti.

Hakutoka tena, ila kwenda nyumbani kulala. Aliingiza meza ndogo, akaning'iniza taa juu ya makasha ya siagi, akafanya kazi humo akiwa na gauni lisilo na mikono, akijipepea kwa kifuniko cha boksi. Wateja walivishwa koti zito lililokuwa likining'inia kwenye msumari kando ya mlango, wakaingia mmoja mmoja wakitoa moshi mdomoni. Hapo akagundua jambo. Mtu kwenye baridi hana muda wa kuzunguka. Wale waliozoea kusimama asubuhi nzima wakibadili rangi na kusifia, waliingia, wakasema walichokuja kusema, tena kwa ukweli, wakatoka mbio. Bibi harusi mmoja alisema hataki keki kabisa, wala bwana harusi.

Alimrudia daktari mara nyingine. Daktari alimkagua, akavua miwani.

"Dawa haipandi na kushuka namna hii yenyewe," alisema. "Kuna kitu kinaingia mwilini mwako na wewe hukijui. Nani anakuandalia unachokunywa?"

Mama Maua alicheka, kwa sababu jibu lilikuwa la kuchekesha. Ni watu wake. Lakini asubuhi iliyofuata, alipotia kidonge mdomoni, ulimi ukamwambia jambo. Kilikuwa kitamu. Na si mara ya kwanza, ila zile mara nyingine alidhani ni mwili umeanza kuipenda dawa. Akakitema kiganjani. Mtu anayetofautisha sukari ya unga na wanga kwa kidole kimoja hawezi kudanganywa na mnanaa. Akamimina kichupa chote juu ya kitambaa, akavigusagusa, akavitenga huku na huku. Fungu la pipi lilikuwa limeanza kulishinda la dawa.

Hakupiga kelele, na hilo peke yake lingetosha kuwatisha. Alichukua chupa yake ya chai na juisi yake ya asubuhi bila kuvinywa, akaaga vizuri, na mlangoni akasema wote waje dukani mchana kuonja keki ya mkuu wa zimamoto. Walikuja wakiwa wamevaa vizuri. Mama mkwe alikuwa amevaa hata hereni.

"Ingieni huku," alisema. "Keki iko kwenye baridi."

Waliingia. Akafunga mlango wa chuma, akasimama mbele ya mpini na gauni lake lisilo na mikono. Lile koti la wageni lilikuwa limebaki nje kwenye msumari.

"Keki iko wapi, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna keki. Mmekuwa mkiniwekea nini?"

Walitazamana. Mume akatazama makasha ya siagi kana kwamba yana la kusema. Wifi akaanza kueleza kwamba yeye ana kifua, baridi haimfai, tena kuna siku alilazwa, na Mama Maua akaacha maneno yapite. Hakuwa na haraka. Joto lilikuwa limempanda, na pale aliposimama alijisikia vizuri kabisa.

Wa kwanza kusalimu amri alikuwa mume, maana meno yalimgongana kwa sauti. "Balungi," alisema. "Kwenye machungwa. Moja tu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe, mama?"

Mama mkwe alijikunja ndani ya khanga yake nyepesi. "Ni maua ya kutuliza moyo tu, mwanangu. Kwenye chai. Sikutaka ubaya, nilitaka utulie. Tulikuwa tunatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yetu wenyewe."

Ikabaki wifi. Alishikilia kadiri alivyoweza, midomo ikawa ya buluu, mpaka akapasua ukweli. "Nilikula vidonge vyako. Nikaweka pipi. Nilitaka na mimi ninawiri, wifi, kuna ubaya gani? Tena fungua mlango, mguu wangu unauma."

Mama Maua alikuwa ametayarisha matusi ya kumtosha kila mmoja. Yote yakamkauka mdomoni. "Mguu gani?"

"Huu wa siku zote. Ule ulioganda damu."

Aliufungua mlango kwa nguvu mpaka ukagonga ukuta. Akawapandisha wote kwenye gari la kupelekea keki, wifi mbele kwa dereva na mguu juu ya dashibodi, mama mkwe na mume nyuma wakikumbatia masinia. Gari lilikuwa limechorwa keki kubwa ubavuni na maneno ya pongezi, na watu waliokuwa wakipita waliwapungia mkono.

Daktari alianza kumsikiliza wifi, na uso wake ukabadilika. "Wewe unavuta sigara, damu imekwisha kukuganda, na umekula estrojeni ya kumeza kwa siri? Dawa inayomponya wifi yako wewe inaweza kukuua." Akampeleka kupimwa mguu saa ile ile. Walingoja kwenye benchi, na Mama Maua, ambaye kwa kawaida hakuweza kukaa na wifi yake chumba kimoja bila ugomvi, alikuwa akiinuka kila mlango ulipofunguliwa. Alimpenda mwanamke yule mwizi, na jambo hilo lilimkera. Majibu yalipotoka, mguu ulikuwa salama. Wifi alilia, akaomba sigara, akanyimwa.

Kisha daktari akawageukia wale wawili wengine. "Mama, yale maua ya manjano yanalihimiza ini, dawa inaisha kabla ya kufanya kazi. Baba, balungi linafanya kinyume, linaifanya dawa ijae. Mmekuwa mnavuta kamba huku na huku, na kamba yenyewe ni mgonjwa wangu. Mimi nikawa naongeza na kupunguza, nikidhani nasemezana na mwili wake. Kumbe nasemezana na ninyi."

"Sasa itakuwaje?" Mama Maua akauliza. "Nina keki ya mwisho wa mwezi."

"Acheni vyote. Turudi kwenye dozi ya kwanza. Ila nguvu ya yale maua haitoki kesho, inaweza kuchukua wiki mbili hivi. Vumilia."

Mama mkwe akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Na hasira, daktari? Hasira yenyewe itaisha lini?"

Daktari alimtazama mgonjwa wake, akamtazama tena yule mzee. "Joto litapungua, mama. Usingizi utarudi. Hasira, ungewekewa wewe vitu kwenye kikombe, ungekuwa mpole?"

Mwisho wa mwezi ulifika kabla Mama Maua hajawa na hakika. Asubuhi ile Bosi alisimama kando ya meza ya marumaru, boksi la plastiki limewekwa tayari. Gari la zimamoto la keki lilikuwa jekundu, na ngazi yake ya biskuti imeinuliwa. Mama Maua alinawa mikono, akaifuta, akashika mfuko wa krimu. Alisubiri joto. Halikuja. Akazungusha kifundo cha mkono, na waridi likatoka, likasimama. Bosi akalitazama, akasubiri, akainama akalitazama kwa chini. Lilikuwa limesimama. Mama Maua alifanya la pili na la tatu, na bustani ilipofika nusu machozi yakawa yanamtoka, akalazimika kuyakinga kwa kiwiko yasiharibu krimu. Bosi akaondoka na boksi lake. Mkuu wa zimamoto, walisimulia baadaye, alikataa kabisa kuikata bustani ile, akala gari.

Ungedhani sasa alirudi kwenye meza yake. Hapana. Aliibeba kazi yake akarudi kwenye chumba cha baridi, akafunga mlango. Nyumbani alikuwa akijipikia sufuria yake peke yake, na chupa yake ya chai alilala nayo. Kazini alikaa mle ndani na gauni lisilo na mikono, kama zamani. Tatizo ni kwamba sasa hakuwa na joto. Dawa ilikuwa imekaa sawa, na mwili wake ulikuwa kama wa mtu mwingine yeyote aliyekaa na gauni jepesi katikati ya siagi. Alitetemeka. Pua ilimtiririka. Waridi moja lilitoka na mawimbi kwenye kingo, akaliita la mtindo mpya. Lakini kulivaa lile koti kungekuwa kukubali kwamba wale watu watatu wamesamehewa, na hakuwa amefika huko.

Siku moja mchana mlango ukagongwa. Alikuwa mumewe, mkono mmoja ameshika kikombe kilichoinamishwa ili aone hakina kitu, mkono mwingine machungwa mawili na kisu.

"Mazima," alisema. "Kata mwenyewe."

Aliyachukua, akayageuza, akayanusa. Mume alibaki amesimama, tayari midomo inamcheza kwa baridi.

"Ungeweza kuniuliza," Mama Maua alisema.

"Ulikataza kusema."

"Nilikataza ushauri na pole. Kuuliza sikukataza."

Fundi makochi alifikiri juu ya jambo hilo, kwa muda mrefu kuliko watu wanavyofikiri kwenye chumba kile. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayejaribu chombo kigeni, "Unajisikiaje?"

Alitaka kumjibu vibaya, na jibu alikuwa nalo. Lakini katika miezi yote ile, mezani, kwenye chai, kwenye machungwa na kwenye kichupa, hilo ndilo swali ambalo hakuna mtu nyumbani kwake aliyekuwa amemuuliza. Kwenye baridi mtu husema ukweli.

"Nasikia baridi," alisema. "Wiki nzima nakufa kwa baridi."

Mumewe alitoka, akalitoa koti kwenye msumari, akarudi akamvisha, akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Mama Maua alikata chungwa la kwanza, akachungulia ndani kuhakikisha ni chungwa, akampa nusu. Walilila nje, kwenye meza ya marumaru, mlango wa chuma ukiwa wazi nyuma yao, mpaka Bosi akaja kuuliza nani anayeharibu siagi.